Jalada linasubiri, ubongo hausubiri

Mwanza tukizungumzia kuasili mtoto, mjadala huanza na kuishia kwa mzazi. Ana ndoa au hana? Ana nyumba au amepanga? Ni ndugu au mtu baki? Ana nia njema au anatafuta mfanyakazi wa bure? Maswali hayo ni ya lazima, na afisa ustawi wa jamii anayeyauliza anatimiza wajibu wake. Lakini lipo swali ambalo mara nyingi halina nafasi kwenye fomu: wakati sisi tunaulizana, mtoto yuko wapi, na ameshakaa huko miezi mingapi? Kwa mtoto wa miaka minane swali hilo lina uzito wa kiasi. Kwa kichanga wa wiki tatu aliyeokotwa, au aliyefiwa na mama yake leba, ndilo swali kuu, kwa sababu miezi hiyo ya kusubiri ina mkono mkubwa katika namna atakavyokuwa darasani miaka saba au minane baadaye.

Ushahidi mzito wa jambo hili umetoka Romania, na umetokana na balaa. Mwaka 1966 utawala wa Nicolae Ceaușescu ulipiga marufuku utoaji mimba ili idadi ya watu iongezeke. Familia nyingi zikazidiwa, serikali ikawakusanya watoto kwenye taasisi kubwa. Utawala huo ulipoanguka Desemba 1989, watoto wengi wakaasiliwa nje ya nchi. Michael Rutter na wenzake wa London waliwafuatilia watoto 165 wa Romania walioingia Uingereza kati ya 1990 na 1992, wengi wao wakitoka kwenye taasisi hizo, wakawalinganisha na watoto 52 waliozaliwa na kuasiliwa Uingereza kabla ya kutimiza miezi 6. Waliotoka kwenye taasisi kabla ya miezi 6 walikua sawa na wenzao wa Uingereza. Waliovuka miezi 6, kwa wastani, walikuwa nyuma katika kipimo cha akili walipofika miaka 6, na walipofika miaka 11 bado pengo lilionekana.

Mbele ya hapo hadithi inageuka kidogo, na wengi wanaonukuu utafiti huu hawafiki huko. Walipopimwa tena wakiwa watu wazima wa miaka 20 na kitu, kipimo cha akili kwa jumla kilikuwa kimepanda hadi kiwango cha kawaida. Kilichogoma kuondoka ni umakini hafifu, kutotulia, na ugumu wa kuhusiana na watu. Tena mmoja kati ya watano katika kundi la waliokaa muda mrefu hakuonyesha tatizo lolote katika kipimo chochote, tangu utotoni hadi ukubwani. Kwa hiyo anayesema mtoto wa kituo ameharibika moja kwa moja hasemi kweli, na anayesema upendo wa nyumbani utafuta kila kitu naye hasemi kweli. Picha za ubongo zilizochapishwa mwaka 2020 ziliongeza jambo jingine: zaidi ya miaka 20 baada ya kutoka, ubongo wa vijana hao ulikuwa mdogo kwa wastani wa asilimia 8.6 kuliko wa wenzao walioasiliwa ndani ya Uingereza, na kila mwezi wa ziada waliokaa kwenye taasisi uliendana na upungufu wa takriban sentimita 3 za ujazo.

Utafiti wa Rutter una tundu moja. Hakuna aliyegawa watoto kwa kura, na huenda waliochukuliwa mapema ndio waliokuwa wachangamfu tangu mwanzo. Tundu hilo lilizibwa Bucharest. Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah walianza mwaka 2000 na watoto 136 wa umri wa miezi 6 hadi 31, wote wakiwa kwenye taasisi. Nusu walipelekwa kwa kura kwenye familia za malezi ya kambo zilizofunzwa na kulipwa, nusu wakaendelea na utaratibu uliokuwepo, na hakuna aliyezuiwa kuondoka familia ilipopatikana. Walipofika miezi 54, waliobaki walikuwa na wastani wa alama 73 za IQ, yaani kipimo cha akili, waliopelekwa kwenye familia 81, na watoto wa mitaa ileile ambao hawakuwahi kuingia taasisi 109. Ndani ya kundi la walioenda kwenye familia, waliohama kabla ya miezi 24 ndio walionufaika zaidi.

Watu hupenda kuuliza mpaka uko wapi hasa, miezi 6 au 24. Nadhani ni swali baya. Taasisi zilizochunguzwa hazikuwa na ukali uleule, na vipimo havikupima kitu kimoja: lugha ina dirisha lake, umakini una lake, urefu wa mwili una lake. Njia yenye manufaa ya kusoma namba hizi ni kuichukua miezi ya kituoni kama dozi. Dozi ndogo mwili unaimudu. Ikiongezeka, madhara yanaongezeka na muda wa kupona unarefuka. Hata urefu wa mwili unafuata mwendo huo: waganga wa watoto walioasiliwa kutoka taasisi za Ulaya Mashariki walikadiria kwamba kila miezi mitatu ndani ya taasisi humpotezea mtoto karibu mwezi mmoja wa kukua.

Kwa nini iwe hivyo mahali ambapo mtoto anakula, anaoga na analala salama? Tupige hesabu. Chukua chumba chenye vichanga 16 na walezi wawili kwa zamu ya saa nane. Kila kichanga anahitaji chupa tatu ndani ya zamu hiyo, na chupa moja ikinyweshwa inavyotakiwa, mtoto akiwa amepakatwa na kucheulishwa, inachukua dakika 20. Hiyo tayari ni saa nzima. Nepi tatu kwa dakika tano ni dakika 15. Kuoga, dakika 10. Jumla dakika 85 kwa mtoto mmoja, dakika 1,360 kwa wote. Walezi wawili wana dakika 960, na hapo hawajala, hawajafua, hawajaandika kitabu cha zamu, wala hakuna aliyekimbiza mtoto mwenye homa hospitali ya Sekou-Toure. Pengo ni dakika 400 kila zamu.

Pengo hilo huzibwa kwa njia zilezile kila mahali duniani. Chupa inaegemezwa kwenye nguo iliyokunjwa, na mtoto ananyonya akitazama dari. Nepi zinabadilishwa kwa foleni, saa ikifika, siyo pale mtoto anapolia. Anayelia kwa nguvu anachukuliwa, mpole anasahauliwa, na baada ya wiki kadhaa hata yule wa kulia kwa nguvu anaona kilio hakileti mtu. Chumba cha vichanga kilicho kimya saa nne asubuhi humfurahisha mgeni aliyeleta sabuni na mchele. Kilipaswa kumtia wasiwasi.

Kichanga hujifunza kwa kujibiwa. Anaguna, mtu anamgunia. Anatupa jicho kwenye kikombe, mtu anasema "kikombe hicho, unataka maji?" Anaangusha kijiko, kinaokotwa, anakiangusha tena, na katika marudio hayo yanayomchosha mama ndimo anamojengea maana ya sababu na matokeo, zamu ya kusema na zamu ya kusikiliza, na subira ya sekunde tano. Njia za fahamu zinazotumika huimarika na zisizotumika hupunguzwa. Hapa hakuna mtu wa kulaumiwa. Mlezi anaweza kuwa mama mwenye moyo wa dhahabu, lakini dakika 400 hazipo.

Hapo ndipo hoja ya wenye makao ya watoto huja: "Kwetu siyo Romania." Ni hoja ya haki. Makao mengi ya Kanda ya Ziwa yanaendeshwa na mashirika ya dini na watu wenye imani, vyumba ni visafi, watoto wanaimba, chanjo zimekamilika. Lakini angalia Saint Petersburg. Nyumba za watoto wachanga zilizochunguzwa kule nchini Urusi zilikuwa na chakula cha kutosha, wauguzi, midoli na joto la kutosha wakati wa baridi. Zilikosa kitu kimoja tu, uso usiobadilika. Kwa zamu, likizo na uhamisho wa kutoka chumba hadi chumba, mtoto alihudumiwa na watu kati ya 60 na 100 kabla ya kutimiza miaka miwili. Wastani wa kipimo cha maendeleo kwa watoto wasio na ulemavu ulikuwa 57, ambapo 100 ndiyo kawaida. Watafiti wakapunguza vikundi kutoka watoto kama 12 hadi 6, wakampa kila mtoto walezi wachache wasiohamishwa, wakafuta desturi ya kuhamisha watoto kila wanapofikia umri fulani, wakawafunza walezi kuzungumza na mtoto wakati wa kumlisha. Wastani ukafika 92. Jengo lilikuwa lilelile na chakula kilekile.

Kwa makao yanayoendelea kupokea vichanga, somo hilo linafaa kuliko ripoti nyingi, na sehemu kubwa yake ni suala la kupanga zamu. Mlezi apewe watoto wanne wake, siyo chumba chake. Akienda likizo, anayemshikia awe yule yule kila mara. Wanaojitolea kutoka nje kwa wiki sita au miezi mitatu wapewe kazi ya jikoni, bustani, kufua na kufundisha wakubwa, kichanga wasimshike. Najua hili litawaudhi wengi, kwa kuwa picha za kumbeba mtoto ndizo huleta michango.

Kuna utafiti mkubwa ambao watetezi wa makao huupenda, na hauna budi kujibiwa. Kathryn Whetten wa Chuo Kikuu cha Duke na wenzake walilinganisha mayatima wa miaka 6 hadi 12 walio kwenye taasisi na walio kwenye familia katika nchi tano, Tanzania na Kenya zikiwemo. Matokeo yaliyochapishwa 2009 yalionyesha kwamba waliokuwa kwenye taasisi hawakuwa wabaya kuliko wa kwenye familia, kwa afya wala kwa akili. Ni kazi nzuri. Lakini isome vizuri: ni watoto wa umri wa shule, na wanalinganishwa na mayatima wa kaya zilizoelemewa na umaskini. Haizungumzii kichanga. Utafiti mwingine uliofanyika hapa Tanzania, wa Katharin Hermenau na wenzake, ulichapishwa 2014 na ukatenganisha walioingia makao kati ya kuzaliwa na miaka minne na walioingia kati ya miaka mitano na 14. Walioingia wadogo walisimulia kutendewa mabaya zaidi ndani ya makao na walikuwa na matatizo mengi zaidi ya afya ya akili. Ukiziweka tafiti hizi mbili pamoja hazigombani. Zinaonyesha tu kwamba umri wa kuingia una uzito wake, na sisi tunawaweka wote kwenye neno moja, yatima.

Tuje kwa mzazi ambaye shauri limekwisha na mtoto wa miezi 20 yuko nyumbani Buhongwa. Atazamie nini?

Kwanza, asidanganywe na uchangamfu. Mtoto anayemkimbilia kila mgeni, anashika mkono wa fundi bomba na kutaka kuondoka naye, siyo mtoto aliyezoea watu. Mara nyingi hajapata mtu wake. Hii ni miongoni mwa dalili zilizodumu katika utafiti wa Uingereza, na ndiyo ambayo majirani husifia. Tiba yake ya mwanzo ni kupunguza mikono. Kwa miezi mitatu hivi, kulisha, kuogesha, kulaza na kubembeleza kufanywe na mtu mmoja au wawili tu. Bibi na mashangazi waje, wacheze naye, lakini akiumia goti arudishwe kwa mama yake kufutwa machozi. Mbeleko ni kifaa kizuri kwa kazi hii, hata kwa mtoto anayeweza kutembea. Na kwa sababu wazazi wengi wa mjini wanaondoka alfajiri, mtu wa kweli wa mtoto huwa dada wa kazi. Dada akibadilishwa kila miezi miwili, makao yamehamia sebuleni. Fedha ya kumbakiza dada mmoja kwa miaka miwili ina faida kuliko fedha ya shule ya gharama.

Pili, apime mwili kabla ya kuhukumu akili. Huku Kanda ya Ziwa kuna mambo yanayofanana sana na athari za kituo, na baadhi yanatibika. Damu: hemoglobini chini ya gramu 10.5 kwa desilita kwa mtoto wa miezi 6 hadi 23, au chini ya 11 kwa wa miaka miwili hadi minne, ni upungufu wa damu, na malaria, minyoo na ukosefu wa madini ya chuma vyote vipo kwetu. Sikoseli: kanda hii ina mzigo mkubwa, na sikoseli inaweza kuleta kiharusi kidogo kisichoonekana kwa macho kikamwachia mtoto umakini hafifu, kwa hiyo kipimo chake kifanyike hata kama mtoto anaonekana mzima. VVU: kipimo cha kawaida cha kingamwili kabla ya miezi 18 kinaweza kuwa kinaonyesha kingamwili za mama, hivyo mtoto mdogo achukuliwe DBS, matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi maalumu, ambayo maabara hutafuta humo kirusi chenyewe. Masikio: usaha unaotoka na kukoma kisha kutoka tena hupunguza usikivu, na mtoto asiyesikia vizuri huitwa mkaidi. Kichocho kwa waliokulia karibu na maji. Halafu mzunguko wa kichwa, ambao kliniki nyingi hazijazi kwenye kadi: mtoto wa mwaka mmoja huwa na takriban sentimita 45 hadi 46, wa miaka miwili 47 hadi 48. Kipimo kimoja hakisemi mengi. Vitatu vilivyopishana miezi mitatu vinaonyesha kama kichwa kinafuata mwili kukua. Katika miezi ya mwanzo ya kula vizuri na kutunzwa, uzito hupanda kwanza.

Kuhusu VVU kuna matokeo ya Ukraine ambayo yangefaa kubandikwa kwenye ofisi zetu za ustawi. Natasha Dobrova-Krol na wenzake walilinganisha watoto wenye maambukizi na wasio nayo, wa kwenye familia na wa kwenye taasisi. Malezi ya taasisi yalihusiana na kuchelewa kwa akili na mwili kuliko virusi vyenyewe. Familia zilizohusika hazikuwa bora. Nyingi zilikuwa na matatizo yao. Familia inayosita kumchukua mtoto kwa sababu ya majibu ya damu inapaswa kuambiwa hivyo waziwazi, na kuelezwa dawa zinapatikana wapi.

Tatu, lugha. Mtoto aliyelelewa kwa Kiswahili cha makao akihamia kwa bibi wa Magu anayezungumza Kisukuma ataonekana bubu kwa miezi kadhaa. Hana kosa, na bibi hana kosa. Lakini mtu asimpime lugha katika kipindi hicho akaandika kwenye ripoti kwamba ana akili nzito. Vipimo navyo vichaguliwe. Vipo vilivyotengenezwa Afrika, kama kile cha Malawi kinachotumia vitu ambavyo mtoto wa kijijini anavijua, na kile cha Kilifi kwenye pwani ya Kenya. Robert Sternberg na wenzake walionyesha kwa watoto wa shule wa Bagamoyo, katika kazi iliyochapishwa 2002, kwamba maelekezo mafupi tu kabla ya kurudia mtihani yaliwapandisha alama. Kwa mtoto aliyetoka kituoni, hilo ndilo la kutafuta: anapanda kiasi gani akifundishwa, kuliko anasimama wapi leo.

Shuleni matatizo mara nyingi hayajitokezi darasa la kwanza. Kusoma silabi na kuhesabu mpaka mia kunafundishika kwa kurudia, na mtoto huyu anaweza kurudia. Mambo huanza kuharibika kazi zinapokuwa na hatua. Mwalimu anasema: toeni madaftari ya hesabu, fungueni ukurasa wa 34, fanyeni swali la tatu mpaka la sita, mkimaliza leteni nisahihishe. Mtoto anatoa daftari, anakaa. Siyo kwamba hajui kugawanya. Maagizo manne yameingia, moja limebaki. Uwezo wa kushikilia jambo kichwani huku ukilifanyia kazi, na wa kujizuia kufanya jambo la kwanza linalokuja akilini, ndio uliocheleweshwa. Uchambuzi wa Marinus van IJzendoorn na wenzake wa tafiti nyingi za kuasili, uliotoka 2005, ulilikuta pengo hilohilo: walioasiliwa walikuwa na IQ nzuri kuliko ndugu na wenzao waliobaki nyuma, lakini matokeo yao ya shule yalikuwa chini ya yale ambayo IQ hiyo ingetabiri.

Katika darasa la watoto mia, mwalimu wa Ilemela hawezi kufanya maajabu, ila machache yanawezekana. Mtoto akae mbele, upande usio na dirisha. Maagizo yaandikwe ubaoni kwa namba, afute au aweke alama kila hatua akimaliza. Nyumbani, kazi ikatwe vipande vya dakika 10, kila kipande kikaguliwe kabla ya kingine. Fimbo haisaidii hapa, na siisemi hivyo kwa huruma: utafiti wa Tobias Hecker na wenzake kwa watoto wa shule ya msingi Tanzania, uliochapishwa 2016, ulihusisha adhabu kali na huzuni na hofu za ndani, na kupitia hizo, na kumbukumbu hafifu na matokeo mabaya ya shule. Unayempiga kwa kusahau unamwongezea kusahau. Bweni nalo ni zamu nyingine ya walezi. Serikali ilipozuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne mwaka 2023, wazazi wengi walilalamika. Kwa mtoto aliyeanzia makao, ningependa katazo hilo lifike darasa la saba.

Sasa nirudi kwenye miezi ya kusubiri, kwa maana hayo yote ni kufukuzia hasara. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatambua malezi ya kambo, na ustawi wa jamii wana utaratibu wa familia za kuaminika. Kwa mtoto asiye ndugu, kuasili huishia Mahakama Kuu, na kabla ya hapo kuna polisi, kutafuta ndugu, ukaguzi wa nyumba ya mwombaji na ripoti. Hatua hizo zinamlinda mtoto dhidi ya biashara ya watoto, na sitaki hata moja ifutwe. Ninachotaka ni mahali pa kusubiria pabadilike. Kichanga wa chini ya mwaka mmoja aende kwa familia ya kuaminika ndani ya siku chache, na uchunguzi uendelee akiwa huko. Leo, mara nyingi, anapelekwa makao "kwa muda", na muda huo unakuja kumeza mwaka.

Wapo wanaosema mtoto akishazoea familia hiyo kisha akahamishwa ataumia. Ataumia. Lakini mtoto aliyewahi kushikamana na mtu mmoja ana uwezo wa kushikamana na wa pili. Asiyewahi kabisa ndiye anayetutia hofu. Hatari kubwa naiona kwingine: familia inapewa mtoto na kuachwa. Wanaotaja Bucharest husahau kwamba familia zile zililipwa na zilikuwa na maafisa waliopatikana kwa simu na waliofika nyumbani. Bila ziara ya wiki ya kwanza, ya pili na ya nne, bila maziwa, bila kadi ya bima, familia ya Sengerema itamrudisha mtoto homa ya tatu ikija, na kumrudisha ni kubaya kuliko kutompeleka.

Na wako vichanga wengi ambao wala hawakuhitaji kuasiliwa. Mama amefariki kwa uzazi, baba yuko ziwani au kisiwani, bibi yupo na anamtaka mjukuu, kinachokosekana ni maziwa. Mtoto wa kilo tano anahitaji mililita 750 kwa siku, sawa na karibu gramu 100 za unga wa maziwa ya kopo. Kopo la gramu 400 linaisha siku ya nne. Kwa mwezi ni makopo saba au manane. Bibi wa Ukerewe hawezi. Wafadhili wanaolipia kitanda cha makao kwa miaka wangeweza kulipia makopo hayo kwa miezi sita na mtoto asiondoke kwao. Baada ya hapo anaingia kwenye uji, unga wa dagaa na maziwa ya ng'ombe yaliyochemshwa. Bibi afundishwe kunywesha kwa kikombe badala ya chupa, maana chupa isiyochemshwa vizuri, kwa maji ya ziwa, inaleta kuhara ndani ya wiki.

Kwa walio tayari ndani ya makao, kuna kazi ndogo isiyohitaji bajeti. Mtoto anapokabidhiwa, karatasi ya makabidhiano mara nyingi ina jina, umri wa kukadiria na chanjo. Iongezwe: nani alimlisha zaidi na namba yake ya simu, analala chali au ubavu, anatulizwa kwa nini, anakataa chakula gani, ameugua mara ngapi na nini, ameanza kukaa na kusimama lini, alizungumziwa lugha gani. Mlezi aliyemzoea aende naye siku ya kwanza akae nusu siku, arudi baada ya wiki. Na tarehe ya kuingia makao na ya kutoka ziandikwe kwa wino kwenye kadi ya kliniki, ambayo mzazi huitunza na daktari huiomba, ili miaka minane baadaye mtu akikaa kumpima mtoto asiyemaliza hesabu zake aweze kuhesabu miezi.